Ziwa Lipigwe Picha na Mvua Yake

Kwa muda mrefu tumekuwa tukiziona, katika kuta za ofisi, katika kalenda na katika taarifa za maendeleo, picha za ufuko wa Ziwa Victoria zenye sura moja tu: maji yametulia, mbingu ni ya buluu, na kisiwa cha Musila kimekaa mbele ya mji wa Bukoba kama pambo. Hatuna ugomvi na picha hizo. Lakini mkazi wa Bilele, na zaidi mwananchi wa Bumbiire, Ikuza au Goziba, akiulizwa ni siku ngapi katika mwaka hulikuta ziwa lake katika hali hiyo, atacheka.

Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikishi hata 600. Sababu yake inajulikana. Usiku pepo za nchi kavu huteremka kutoka kando zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Mawingu hujijenga huko, kisha upepo wa mashariki huyasukuma upande wetu. Ndiyo maana mvua na radi hutufikia mara nyingi alfajiri na asubuhi. Mpiga picha aliyefundishwa kwamba saa njema kupita zote ni mapambazuko huamka saa kumi na moja, hushuka mwaloni Nyamkazi, akakuta ukuta wa kijivu, akarudi kulala. Tena kwetu jua huchomoza ziwani na kuzama nyuma ya mji. Ile picha mashuhuri ya jua likizama majini wanaipata ndugu zetu wa Bumbiire, ambao huitazama nchi kavu kwa upande wa magharibi. Sisi wa mjini hatuipati hata kiangazi.

Neno letu kwa mpiga picha huyo ni kwamba asirudi kulala. Wingu zito huondoa vivuli vikali, na uso wa mvuvi au wa mama anayeanika dagaa huonekana vizuri kuliko chini ya jua la saa saba. Mbingu nyeupe isipewe nafasi kubwa, kwani huidanganya kamera na watu wakatoka weusi kama masizi. Heri kuijaza picha kwa mtumbwi uliopakwa rangi, khanga iliyolowa, au mbao za gati zinazong'aa kwa maji. Mvua inapokatika, kuna dakika chache ambapo ziwa hubadilika rangi mara tatu: mwenye subira atazipata. Mwavuli na kitambaa kikavu cha pamba vinatosha kuilinda simu. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, nasi hatuombi irudi.) Ngurumo ikisikika, kazi isimame mara moja. Hakuna picha inayostahili mtu kusimama juu ya gati tupu au kuingia mtumbwini katika radi.

Jambo hili si la wapenda sanaa peke yao. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena zaidi. Ofisa anayepanga mahali pa kujenga gati, choo cha mwaloni au zahanati ya kisiwani, akiwa na picha ya Julai mezani, anapanga kwa ajili ya ziwa la Julai. Aprili itakapofika, mawimbi yatalifikia jengo hilo, na wananchi watalaumiwa kwamba hawatunzi mali ya umma. Twasema wazi kwamba picha ya siku njema, ikipewa kazi ya ushahidi, hudanganya.

Na tukumbuke Novemba 6, 2022. Ndege ya abiria iliyokuwa ikija Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani karibu na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Taifa liliona, chini ya mbingu ile nzito, wavuvi waliowahi kwa mitumbwi na wananchi walioivuta ndege kwa kamba, kwa sababu watu wa kawaida waliokuwa ufukoni walipiga picha wakati ule ule. Picha zile hazikuwa nzuri kwa vipimo vya kalenda. Hata hivyo, zilieleza hali ya ziwa letu na moyo wa watu wake kuliko maneno mengi ya mikutano.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila serikali ya kijiji yenye mwalo, visiwani na nchi kavu, ichague jiwe au mti mmoja, na kutoka hapo mwalo upigwe picha mara mbili kwa mwaka, mara moja katika masika na mara moja katika kiangazi, tarehe ikiandikwa nyuma. Picha zote mbili ziambatanishwe na kila ombi la ujenzi linalopelekwa wilayani. Ofisa atakayeletewa ya kiangazi peke yake airudishe na kuidai nyingine.