Nani Mwenye Njia ya Karanga?

Ushairi wetu wa pwani umeusifu sana Mlima Kilimanjaro, na aghalabu umeusifu kwa kuutazama juu. Theluji imepata beti zake, mawingu yamepata zake, na mwenge uliowashwa kileleni na Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961 haukukosa wa kuutungia. Sina ugomvi na sifa hizo. Ugomvi wangu ni kwamba aliyezoea kutazama juu hachelewi kuporwa kilicho chini ya nyayo zake. Na huku chini, katika mabonde ya Karanga, Njoro na Rau, kuna kitu kinachoporwa mchana kweupe wala hakijapata wa kukililia. Kitu hicho ni njia ya miguu.

Niwaeleze wasomaji wa visiwani ambao hawajapata kufika. Mji wa Moshi umekaa mahali mteremko wa mlima unapoanza kulala na kuwa tambarare. Mito ishukayo kutoka msituni imeuchimba mteremko huo kwa makorongo marefu, na baina ya korongo na korongo pana mgongo wa ardhi wenye vihamba vya migomba na kahawa. Barabara za magari hufuata mgongo, kupanda na kushuka. Mwenda kwa miguu ndiye awezaye kukata: hushuka korongoni, akavuka mto kwa gogo au kwa mawe, akapanda ng'ambo ya pili. Hivyo ndivyo apitavyo mwanamke apelekaye ndizi sokoni, mtoto aendaye skuli, na mzee aendaye msibani kwa wakwe zake. Wote hukutana chini, penye maji.

Karanga hupita magharibi ya mji, Rau mashariki yake. Kusini-mashariki pana msitu wa Rau, unaonyweshwa na maji ya chini ya ardhi, wenye mbega na miti mirefu kupita kiasi. Mmojawapo ni msoo, ambao hata wanasayansi walipoupa jina lao walishindwa kuliacha jina la wenyeji, wakauita Oxystigma msoo. Mbele yake maji hugawiwa katika majaruba ya mpunga ya Moshi chini, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Lau njia ingeachwa wazi, mtu mwenye miguu mizima angeweza kuandamana na maji hayo hayo kutoka vihambani hadi kwenye mpunga, kivulini karibu muda wote. Ni miji mingapi ya Afrika Mashariki yenye neema kama hiyo?

Lakini njia haiachwi. Hapa ukuta wa nyumba mpya umesogea hadi ukingoni mwa maji, na iliyokuwa njia imekuwa ua wa mtu. Pale shimo la wachimba mchanga limeila. Kwengine taka zimemwagwa mpaka mpitaji akate shauri kuzunguka kwa barabara kuu, akapambane na malori na bodaboda. Mji huu unasifiwa nchi nzima kwa usafi, na sifa hiyo ni ya haki ukiuangalia kutoka mnara wa saa. Ukiuangalia kutoka mtoni, utaona kwamba umeupa mto kisogo.

Kisha kuna tiketi. Kwenye maporomoko ya Materuni na ya Kinukamori mgeni hulipa kiingilio, naye hupewa kiongozi, na pengine kahawa iliyotwangwa mbele yake. Simwonei choyo mwanakijiji apataye shilingi yake kwa mgeni aliyevuka bahari kuja kuyaona maji hayo. Nilipingalo ni fikra iliyokuja pamoja na shilingi: kwamba kutembea kwa ajili ya kutembea ni bidhaa, na kwamba ina wateja wake. Mwenyeji akionekana bondeni bila ya mzigo wala jembe huulizwa anatafuta nini. Mgeni mwenye mkoba mgongoni huulizwa kama amechoka.

Wapenzi wa lugha tuna neno letu hapa. Kiswahili kina matembezi: mtu hutoka matembezini alasiri, na humtembelea jamaa yake, na vitendo hivyo viwili vimetoka katika shina moja, kwa kuwa kwetu kutumia miguu na kuwajali watu vilikuwa jambo moja. Sasa limekuja neno utalii, likaketi kitini pa lile la kwanza. Utalii una wizara, una leseni, una lango. Matembezi hayana hata kibao.

Wala mtu asiniambie kwamba njia hizi zililetwa na wapanda mlima. Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, hakuwa amefyeka pori. Alikuwa nyuma ya Bwana Kheri, mwongoza misafara kutoka pwani, aliyezijua njia za Uchagani kabla ya yeye kuzaliwa katika vitabu vya jiografia. Huko London, William Cooley alishikilia kwa miaka kadhaa kwamba theluji hiyo haipo, naye hajaweka mguu wake hapa. Njia ilikwishajua ukweli ambao mwanachuoni alikuwa bado akiukana. Zile za korongo hadi korongo ni za zamani kuliko kiwanja chochote chenye hati mjini Moshi, na anayezifunga kwa matofali ndiye mvamizi, hata akiwa na karatasi yenye mhuri.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wenye nia njema. Husema: mkizifungua njia za mabondeni mtawafungulia wakata miti, wachimba mchanga, walevi na wezi, afadhali uzio na lango, na kiingilio kidogo cha kumlipa mlinzi. Nawauliza: mkata mti hupita langoni? Huingia usiku, upande ambao mlinzi hayupo, katika bonde ambalo watu wema wamekwisha kulihama. Mwanamke huogopa njia ya mtoni kwa sababu iko tupu, na iko tupu kwa sababu tumeichimba, tumeichafua na tumeizungushia kuta. Bonde lenye watoto wa skuli asubuhi, wafanya mazoezi alfajiri na wazee wapungao upepo jioni lina walinzi mia wasiolipwa na yeyote.

Isitoshe, nchi hiyo hiyo ya Uchagani ina mfano bora kuliko lango, nao una umri wa karne. Nausema mfongo. Charles Dundas, katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya Kilimanjaro na watu wake, aliistaajabia mifereji hii, na kila aliyeiona huistaajabia: maji hutolewa mtoni juu kabisa, yakaongozwa ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo usioonekana kwa jicho, yakafika vihambani mbali sana na yalipotoka. Hakuna aliyepata kukata tiketi ya kutazama mfongo. Wenye kuutumia wana wakuu wao, na zamu zao za maji. Siku ya kuuzibua hupigwa mbiu, watu wakatoka na majembe. Asiyetoka hutozwa faini, au hunyimwa zamu mpaka alipe. Angalieni tofauti. Lango humtoza mtu kwa kuja. Mfongo humtoza kwa kutokuja.

Na mpaka wa kihamba ulikuwa nini? Ulikuwa mmea wa sale, jani bichi, lile lile ambalo mtu hulipeleka kwa jirani anapotaka kuombana naye radhi. Ukuta wenye vigae vya chupa juu yake haujui kuomba radhi.

Mfano huo haukuheshimiwa hata juu mlimani. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu, ili wenyeji wapate kuni, majani na miti ya kujengea bila ya kuuingilia msitu wenyewe. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ikapanuliwa, msitu ukaingizwa ndani. Yalikuwepo mema katika uamuzi huo, kwani shoka lilikuwa limekwisha kuzoea. Lakini aliyekuwa jirani wa msitu akawa mtu wa nje ya mpaka. Na jirani ukimfanya mtu wa nje, usishangae akiacha kukupigia ukelele moto unapowaka.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mwanasiasa wa Bara anazijua mita hizo, na huzitaja zaidi anapotaka kumng'olea mama mboga zake. Ukuta wa mwenye nguvu hupimwa kwa futi ya mpira. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua haki ya njia ya umma: njia inaweza kutangazwa kuwa ya watu wote, ikapita hata kwenye ardhi yenye mwenyewe. Ziunganishe sheria hizo mbili, utapata njia ya miguu kila upande wa kila mto wa Moshi, bila ya kutunga sheria mpya hata moja.

Watu wengine waliziteseka njia zao. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi, wengi wao wa viwanda vya Manchester, walipanda Kinder Scout huku Uingereza, mlima uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Watano wakatiwa jela. Sheria ya kuwaruhusu watembezi katika ardhi ya namna hiyo ilikuja mwaka 2000. Jirani zetu wa Nairobi wamwagiwa damu kwa ajili ya msitu wa Karura: Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni walipokwenda kupanda mti, kupinga msitu kugawiwa viwanja. Leo Karura ina njia nzuri za kutembea kando ya mto, nami nawapongeza. Ila ina lango na ada, na mwaka 2025 mzozo mkubwa uliozuka pale ulikuwa juu ya nani azikusanye fedha. Lango huzaa maneno ya lango.

Sisi wa visiwani tusijione tuko kando ya habari hii. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009, na maskini na tajiri hukaa ukutani pale pale wakitazama bahari bila ya tiketi. Nendeni sasa mashariki ya Unguja, mjaribu kutoka kijijini kufika ufukweni kwa njia aliyopita babu yenu, muone imebaki upana gani baina ya uzio wa hoteli na uzio wa hoteli.

Ninalolitaka Moshi ni dogo. Halmashauri ya Manispaa iteue kipande kimoja cha Karanga, kuanzia darajani barabara ya Arusha na kupanda juu kwa kadiri ya mwendo wa nusu saa, iweke vigingi vya mita 60 pande zote mbili, na kuutangaza ukanda huo njia ya umma kwa Sheria ya Ardhi, pasiwe na lango wala ada kwa mtu yeyote, mwenyeji au mgeni. Kuta zilizozidi zivunjwe kwa kuanzia na ile ndefu kuliko zote. Na mitaa inayopakana na mto ipewe siku yake ya kutoka na majembe, mwezi mmoja kabla ya masika, kwa kanuni ile ile ya mfongo: asiyetoka, atozwe.