Kibaba Kilichotiwa Mara Mbili

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia la kufanya iwapo haba ile ile imetiwa mara mbili.

Zamani nilikuwa karani wa zamu ya usiku katika chumba cha kompyuta cha shirika ambalo sitalitaja. Kila usiku makato ya mikopo yaliyoletwa mchana yaliongezwa mwishoni mwa faili ya mwezi. Usiku mmoja kazi ilikatika katikati kwa kukosa nafasi kwenye diski. Nikaitafutia nafasi, nikaiendesha upya tangu mwanzo, kisha nikaenda kunywa chai. Mwisho wa mwezi wafanyakazi kadhaa walikatwa mkopo mara mbili. Mzee mmoja wa bohari alisimama mbele yangu na hati yake ya mshahara mkononi, asiseme neno.

Mtambo haukukosea. Katika JCL, lugha ya kuamrisha kazi iliyokuja na mitambo ya IBM System/360 iliyotangazwa mwaka wa 1964, na ambayo mitambo mikubwa ya IBM ingali inaitumia, hali ya faili hutajwa kwa neno DISP. Ukiandika DISP=MOD, rekodi mpya hufuata ile ya mwisho; na faili isipokuwapo, huundwa papo hapo pasi na kuulizwa. Ukiandika DISP=OLD, nayo programu ikaifungua faili ili kuandika, uandishi huanzia mwanzo na yaliyokuwamo hupotea.

Wengi huiogopa OLD. Mimi naiogopa zaidi MOD. Hasara ya OLD huonekana mara moja, ilhali ya MOD hunyamaza: kazi ikikatika, rekodi zilizokwisha kuongezwa hubaki, na kuirudia ni kuziongeza tena. Hata ukiagiza DISP=(MOD,KEEP,DELETE) ili faili ifutwe kazi ikiharibika, utafuta pia rekodi za siku zote zilizotangulia. Hiyo ni dawa mbaya kuliko maradhi!

Iliyo salama ni njia ya vizazi. Kizazi (0), yaani faili ya jana, husomwa tu. Rekodi zake pamoja na za leo huandikwa katika kizazi (+1). Kazi ikikatika, kizazi hicho kipya hutupwa na cha jana husalimika. Wapo watakaolalamika kwamba njia hii hula diski na muda. Ni kweli, hula. Lakini wao hawakumwona yule mzee.

Walimu wenzangu wa kompyuta, tunawataka wanafunzi waeleze maana ya MOD, nao huikariri vyema. Heri tuwaulize hivi: kazi ya kuongeza rekodi 1,000 imekatika baada ya kuandika 400, ikarudiwa yote tangu mwanzo, faili imeongezeka rekodi ngapi? Jibu ni 1,400. Wengi wa wanafunzi wangu huandika 1,000.