Sheria mbili za mwaka 2002

Kijana mumoja wa Kikula alikuja kuniona na kontra yake ya miezi tatu. Ilikuwa ya saba, ku kampuni ileile ya sutretansi. "Yaya, hakuna mutu alinilazimisha," njo vile aliniambia. "Nilisaini mimi mwenyewe."

Ile neno njo ugomvi wa waliberali tangu zamani. Wamoja wanasema: watu wawili huru wakipatana, Leta ikae pembeni. Wengine, waliberali vilevile, wanasema uhuru wa mwenye njaa ni wa ku karatasi tu, Leta iingie kati. Hata Adam Smith, mu 1776, aliandika ya kama patron anaweza kukaa mwaka mzima bila wafanyakazi, lakini wafanyakazi wengi hawamalizi hata juma moja bila kazi.

Kwetu, mawazo yote mawili yaliingia mu sheria mwaka mumoja. Tarehe 11 Julai 2002, Code minier: Leta iache kuwa mwenye kuchimba, ialike wenye mali. Tarehe 16 Oktoba, Code du travail: article 41 inakataza patron kumupa mutu zaidi ya kontra mbili za muda, isipokuwa kazi za msimu na zingine chache. Kisha 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakatoka kwa "départ volontaire". Volontaire! Watu wenye miezi mingi bila mushahara.

Wanasema Leta yetu ni zaifu. Si kila mahali. Mu 2018 ilipandisha redevansi ya kobalti toka 2% mpaka 10%. Mu 2025 ilifunga kutosha kobalti inje, kisha ikaweka kota. Sheria ya 2017 nayo inataka sutretansi iwe mu mikono ya Wakongomani: inapima mali ya kampuni ni ya nani. Yule patron wa kontra saba ni Mukongomani kamili, karatasi zake ziko sawa.

Lakini article 41 inangoja kijana aende mwenyewe kushitaki kwa inspekteri wa kazi. Akienda, kontra ya nane haitakuja, na anajua.

Tuliandika barua kwa jina la sendika, bila jina lake. Mwisho wa mwezi huu atapewa karatasi ingine ya kusaini.