Tusome Kwanza, Tuhukumu Baadaye

Wahenga walinena: ukipenda, chongo utaita kengeza. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wapenzi waliopofushwa na mahaba. Hata hivyo, ukiitafakari kwa kina utaona kwamba imebeba falsafa nzima ya utambuzi. Uso unaotazamwa haujabadilika. Kilichobadilika ni jina ambalo moyo wa mtazamaji umeutungia. Kati ya jicho na kitu pana chujio, nalo limefumwa kwa mapenzi, chuki, malezi na elimu yetu. Ninadai kwamba chujio hilo limekuwa kizingiti katika usomaji wa fasihi ya Kiswahili vyuoni mwetu, na kwamba dawa yake ni utulivu wa fahamu kabla ya hukumu.

Nguvu ya chujio hili ina ushahidi. Mnamo 1929, I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu Practical Criticism. Alikuwa amewagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, nao wakaandika maoni yao. Wengi walipotoka: walizikweza tungo hafifu na kuzibeza tungo za watunzi wanaosifika, kwani waliitikia hisia walizokuja nazo badala ya maneno yaliyokuwa mbele yao. Mwaka wa 1971, nchini Marekani, Stanley Fish aliacha ubaoni orodha ya majina ya wanaisimu. Darasa lililofuata lilikuwa likisoma ushairi wa kidini wa karne ya 17. Akawaambia kwamba hilo ni shairi, nao papo hapo wakaanza kufafanua ishara na taswira za dini! Waliona walichoandaliwa kukiona.

Sisi nasi hatujasalimika. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, wasomaji wengi walizoea kulitambua shairi kwa vina na mizani. Diwani ya Kezilahabi, Kichomi, ilipotoka mwaka wa 1974, wanamapokeo walikana kwamba yaliyomo ni mashairi. Baadhi ya wanamabadiliko nao waliiona arudhi kuwa minyororo mitupu, ilhali Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), alikuwa ameitumia arudhi hiyohiyo kupaza kilio cha mfungwa wa kisiasa. Kichomi ni maumivu yachomayo kifuani. Je, ni wangapi waliyasikia maumivu hayo kabla ya kuhesabu mizani?

Leo chujio limevaa joho. Mwanafunzi wa uzamili hutakiwa kubainisha msingi wa kinadharia katika pendekezo lake la utafiti. Takwa hilo lenyewe halina kasoro. Kasoro huzuka pale anapochagua Umarx au ufeministi kwanza, kisha akaenda kutafuta riwaya itakayokubali. Matini huwa chekecheke limeshaingojea: kinachosalia humo hukiita maana, na kinachopita hukiita pumba. Ucheshi wa mwandishi, mdundo wa sentensi zake, kimya cha mhusika asiyetetea tabaka wala jinsia yoyote, vyote hupita. Tasnifu hukamilika na shahada hutolewa, lakini riwaya haijasomwa.

Yamkini msomaji atanikosoa kwamba hakuna usomaji usio na chujio. Ni kweli. Lakini mwenye kujua kwamba amevaa miwani hutofautiana na anayedhani ulimwengu wote una rangi ya vioo vyake. Mwaka wa 1913, mwanafalsafa Edmund Husserl alipendekeza tuahirishe hukumu: tusizikane imani zetu, bali tuziweke kando kwa muda ili kitu kijitokeze kama kinavyojitokeza. Kutua katika fahamu tupu ndiko huko. Si kusahau masomo wala kujitia ujinga. Ni kukaa na matini, kuyaona majina yakizuka akilini, "hili ni la kimapokeo", "huyu ni mfumodume", na kuyaacha yapite bila kuyafuata, mpaka sauti ya matini yenyewe isikike.

Ninapendekeza basi kwamba katika semina zetu shairi lisomwe kwa sauti mara mbili, bila jina la mtunzi. Zifuate dakika 5 za kimya. Kisha kila mmoja aseme alichosikia, na asitaje nadharia yoyote. Baada ya hapo nadharia na ikaribishwe, lakini iingie kama mgeni aliyebisha hodi, si kama mwenye nyumba.

Shime, wanafunzi wenzangu! Kesho ndio sisi tutakaowafundisha wengine kusoma. Tukiwarithisha machekecheke matupu, fasihi yetu itakuwa na wahakiki tele na wasomaji haba.