Kilichoua Perfect Dark si uhaba wa fedha

KUFUTWA kwa mchezo wa video wa Perfect Dark mnamo Julai 2, 2025 hakukuwa gumzo mjini Kendu Bay. Katika vibanda ambamo vijana wa mji huu wa ufuo wa Ziwa Victoria hulipa shilingi chache ili wacheze kwa dakika kadhaa, kinachopendwa ni soka. Ni wachache mno waliopata kumsikia Joanna Dark, jasusi wa kubuni ambaye kampuni ya Microsoft ilitumia takriban miaka saba kujaribu kumfufua.

Hata hivyo, kisa hicho kinawahusu vijana hao kuliko wanavyodhani. Kila uchao wanahimizwa kwamba ajira za kesho zimo ndani ya kompyuta. Wana haki ya kujua jinsi ajira hizo zinavyoweza kuyeyuka hata pale ambapo fedha ni tele na wataalamu hawakosekani.

Mchezo wa awali ulitolewa Mei 2000 na kampuni ya Rare ya Uingereza, kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Rare ilikuwa imejizolea sifa miaka mitatu kabla ya hapo kwa mchezo wa GoldenEye 007, uliouza zaidi ya nakala milioni 8. Mnamo 2002 Microsoft iliinunua Rare kwa dola milioni 375, na jina la Perfect Dark likawa mali yake. Mchezo wa pili, Perfect Dark Zero, uliandamana na uzinduzi wa mashine ya Xbox 360 mwaka wa 2005. Baada ya huo hapakuzaliwa mwingine.

Ndipo mwaka wa 2018 Microsoft ikaunda studio mpya, The Initiative, huko Santa Monica, California, chini ya Darrell Gallagher, aliyewahi kuiongoza Crystal Dynamics, watengenezaji wa Tomb Raider. Mabingwa walivutwa kutoka kampuni mashuhuri. Desemba 2020 dunia ikatangaziwa kwamba Joanna Dark anarejea.

Kilichoonyeshwa siku hiyo kilikuwa filamu fupi ya matangazo tu, na hapo ndipo ninapoona mzizi wa fitina. Jina lilitangulia na mchezo ukaachwa nyuma, ukilitafuta umbo la kustahili sifa ambayo tayari ilikuwa imekwisha kutangazwa. Atangazaye harusi kabla ya kuposa hujitia katika mashaka ya namna hiyo hiyo.

Mnamo Septemba 2021, Crystal Dynamics iliitwa kusaidia. Msaidizi huyo alikuwa mkubwa kuliko mwenye kazi, na wahenga walikwisha kusema juu ya mafahali wawili na zizi moja. Kufikia Machi 2022, tovuti ya VGC iliripoti kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa The Initiative walikuwa wameondoka katika muda wa mwaka mmoja, akiwemo mwelekezi wa mchezo wenyewe.

Mwaka huo huo, Crystal Dynamics iliuzwa na Square Enix ya Japani kwa Embracer ya Uswidi. Mwaka uliofuata, mkataba wa dola bilioni 2 ambao Embracer ilikuwa ikiutegemea ukavunjika, nayo ikaanza kufunga studio na kuwapiga kalamu wafanyakazi. Kwa hivyo mchezo uliomilikiwa na Wamarekani ulikuwa sasa ukijengwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao tajiri wao wa Uswidi alikuwa mashakani.

Juni 2024 kulionyeshwa dakika chache za Joanna akipita katika jiji la Cairo. (Afrika, kama ada, ilipewa nafasi ya kuwa mandhari.) Baada ya mradi kufutwa, baadhi ya watengenezaji walikiri kwamba sehemu ya yale yaliyoonekana ilikuwa imeandaliwa mahususi kwa maonyesho hayo.

Kisha Julai 2025 Microsoft ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 9,000. Perfect Dark ikafutwa. The Initiative ikafungwa bila ya kuwahi kutoa mchezo hata mmoja. Everwild, mchezo wa Rare uliotangazwa mwaka wa 2019, nao ukatupwa kapuni.

Msomaji asidhani kwamba hapa pana kampuni iliyofilisika. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 30, 2025, siku mbili tu kabla ya tangazo hilo, Microsoft ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 100. Mnamo Oktoba 2023 ilikuwa imeinunua Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69, na Januari 2025 ilisema ingetumia takriban dola bilioni 80 katika mwaka huo wa fedha kujengea vituo vya data vya akili bandia. Fedha zilikuwapo. Zilikuwa zimepata mchumba mwingine.

Hapa ziwani tumewahi kuona ufufuzi wa aina nyingine. Meli ya MV Uhuru, iliyojengwa katika miaka ya 1960 na kukaa Kisumu bila kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja, ilikarabatiwa na kurejea safari za Port Bell, Uganda, mwishoni mwa 2019. Wazee wa Kendu Bay, wanaokumbuka enzi za meli kutia nanga katika gati lao, wanaelewa tofauti iliyopo. Uhuru ilikuwa na chombo chenyewe ambacho fundi angeweza kukigonga kwa nyundo na kujua palipooza. Waliotumwa kumfufua Joanna Dark walikabidhiwa jina na kumbukumbu za wachezaji.

Hesabu hiyo ya Microsoft inatufikia pia. Mei 2024 ziliripotiwa habari za kufungwa kwa kituo chake cha kuunda programu jijini Lagos, kilichoanzishwa mwaka wa 2019 sambamba na cha Nairobi. Mwezi huo huo, wakati wa ziara ya Rais William Ruto nchini Marekani, kampuni hiyo na G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza mradi wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke. Sisemi kwamba ahadi hiyo ni ya uongo. Nasema ilitolewa na mkono ule ule, na yafaa ipimwe kwa kinachojengwa wala si kwa picha za kutia saini.

Je, kijana wa Karachuonyo anayetaka kuunda michezo afuate njia ipi? Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa msichana anayesaka vifaa vya kale vya Kiafrika. Miaka miwili baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Hawakupata utajiri wa Santa Monica, lakini walichokibuni hakikuhitaji idhini ya mtu wa ng'ambo ili kiendelee kuishi.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika Agosti 2025. Shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba kampuni ya Take-Two ilikuwa imejadiliana ili kuugharimia mchezo wa Perfect Dark uendelee, lakini mazungumzo yakavunjika. Mojawapo ya mambo yaliyowashinda kuafikiana ni nani angelimiliki jina hilo katika siku za usoni. Crystal Dynamics ikawaachisha kazi wafanyakazi zaidi mwezi huo huo, na jina likabaki kwa Microsoft.