Jiko la Mama: Chupa 2 za Soda, Wageni 12

 

Sherehe ya ubatizo au kipaimara ikikaribia, jambo la kwanza kuandikwa katika hesabu ya nyumbani ni kreti za soda. Kreti moja ya chupa za kioo ina chupa 24, na wageni wakiwa wengi zitahitajika mbili au tatu. Baba hutoa alichonacho, mama huongeza kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sare na madaftari. Wageni wakishaondoka zinabaki chupa tupu, na Jumatatu mtoto anaulizwa shuleni kuhusu michango. Wakati huohuo, mananasi yamejaa sokoni na machungwa yanauzwa kwa mafungu barabarani.

Mwezi huu tutengeneze kinywaji ambacho msingi wake ni matunda, na soda inatiwa kidogo tu ili kukichangamsha. Ni kitamu, kinaburudisha wakati wa joto, na mgeni yeyote atakipokea kwa furaha.

MAHITAJI (glasi 12)
Nanasi 1 kubwa lililoiva vizuri
Machungwa 6
Ndimu 2
Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
Maji lita 1½
Soda nyeupe ya ndimu, chupa 2 za mililita 350, ziwe baridi sana
Sukari vijiko 2 vya mezani, ukipenda

NAMNA YA KUTAYARISHA
1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha nanasi kwa maji safi na brashi, kisha limenye. Usitupe maganda.
2. Weka maganda katika sufuria pamoja na tangawizi iliyopondwa na yale maji lita 1½. Funika, uchemshe kwa dakika 15. Ipua, uache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha uchuje.
3. Katakata nyama ya nanasi. Isage kwa blenda, au itwange kwenye kinu kilichooshwa vizuri kwa maji yaliyochemshwa, ukiongeza kikombe kimoja cha yale maji ya maganda. Chuja kwa kitambaa safi.
4. Kamua machungwa na ndimu, uondoe mbegu zote. Mbegu zikisagwa huleta uchungu.
5. Changanya juisi zote na maji ya maganda yaliyobaki. Onja kwanza. Nanasi likiwa limeiva, sukari haitahitajika. Funika na kuweka mahali pa baridi.
6. Wageni wakishaketi, ndipo umimine soda. Inamisha jagi, mimina polepole ubavuni, na ukoroge mara moja tu.

Hatua hii ya mwisho ina sababu yake. Ladha ile inayochangamsha ulimi hutokana na gesi iliyomo ndani ya soda. Gesi hiyo hukaa vizuri katika kinywaji baridi, lakini kikiwa cha vuguvugu au kikikorogwa sana hutoka yote, na wageni hubaki na maji matamu tu. Kwa hiyo juisi na soda vyote viwe baridi kabla ya kukutana.

Mama asiye na jokofu asikate tamaa. Zungushia chupa na jagi kitambaa kilicholowa maji, uviweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka katika kitambaa huondoka na joto. Mtungi wa udongo nao hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

MAMBO YA KUANGALIA
Maji ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara husafiri kwa urahisi katika juisi iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, na sherehe ya furaha huweza kuishia hospitalini. Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa maana kugandisha hakuui vijidudu vyote. Kwa njia yetu, maji yote ya kinywaji hiki yamepita motoni pamoja na maganda.

Usihifadhi juisi hii katika sufuria ya aluminiamu, kwa sababu uchachu wa matunda hula madini hayo na kubadili ladha. Tumia jagi la kioo, au ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko.

Kama huna jokofu, tengeneza siku hiyohiyo na kinywewe ndani ya saa 2. Juisi ya nanasi ikiachwa kwenye joto huanza kuchacha, na ikikaa siku 2 au 3 hugeuka kilevi. Hilo si tulilokusudia kuwapa watoto wa kipaimara!

HESABU YA SUKARI
Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni vema zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na sukari iliyomo katika juisi huhesabiwa humo pia. Katika kinywaji chetu, chupa 2 za soda zimegawanywa kwa watu 12, hivyo kila mmoja anapata gramu 6 hivi kutokana na soda. Matunda yana sukari yake, kwa hiyo nacho kisinywewe kama maji. Glasi moja yatosha. Kwa mgonjwa wa kisukari, weka jagi la maji safi yenye vipande vya ndimu, naye ajisikie amekumbukwa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mpendwa mama, katika arusi ya Kana, Mama yake Yesu ndiye aliyeona mapema kwamba divai imewaishia wenyeji, akashughulika ili wasiaibike. Nasi tunapaswa kuwa na jicho hilo: tuone upungufu wa mgeni, na pia tuone upungufu wa nyumba zetu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatuasa tupokee wageni bila manung'uniko. Lakini ni vigumu kutonung'unika iwapo ukarimu wa siku moja umekula ada ya muhula mzima. Ukarimu ulio na kipimo ndio unaoweza kurudiwa, na mlango wa nyumba ya namna hiyo haufungwi.

Kwa hiyo, safari ijayo hesabu ya kreti itakapoletwa mezani, zungumza na mwenzi wako kwa upole. Mpe glasi moja ya kinywaji hiki aonje kwanza, kisha mwoneshe hesabu.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.