Mwongozo wa programu uandikwe Garsen

Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya jamii za Wapokomo na Waorma huko Tana Delta, Kenya, na uvumi ulikuwa sehemu ya kichocheo chake. Kutokana na msiba huo ukazaliwa mradi wa Una Hakika, ulioanzishwa na shirika la Sentinel Project la Kanada. Mkazi akisikia habari ya kutisha alituma ujumbe mfupi au kupiga simu, habari ikachunguzwa kwa msaada wa watu wa kujitolea vijijini, kisha akarudishiwa jibu. Programu iliyobeba kazi hiyo, WikiRumours, ni huria: yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kulipa. Lakini uhuru huo haumfai mtu asiye na mwongozo wa Kiswahili ulioandikwa na walioifanya kazi yenyewe. Kuwakusanya watu hao waandike ni jambo la lazima.

Chukua ujumbe unaodai kwamba kisima cha kijiji fulani kimetiwa sumu. Programu inaweza kuhifadhi habari hiyo na kuonyesha ilikotoka. Haiwezi kumwambia anayeipokea ampigie nani kwanza, kwamba awasikilize wazee wa pande zote mbili kabla ya kujibu, au maneno gani yakiingia kwenye jibu yatawasha hasira upya. Wala haimwelezi afanye nini Mto Tana ukifurika na barabara kukatika. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wa delta, na mfadhili akifunga ofisi hutawanyika nao. Mhandisi wa ng'ambo, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyaandika kwa niaba yao.

Watakuwepo wa kusema vijana wetu wanajua Kiingereza. Wanakijua, lakini mzee wa kijiji naye ni mtumiaji, na Kiswahili ndicho wanachokutania watu wa jamii za delta: Mpokomo, Muorma na Mwardei. Tena si jambo geni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini kwa Kiswahili. Pingamizi lenye uzito ni kwamba watu wa kujitolea huchoka, na programu hubadilika mwongozo ukapitwa. Ni kweli, na ndiyo maana wanahitaji mpangilio: kila mmoja apewe ukurasa mmoja tu, ukurasa uwe na tarehe na jina la mwandishi, na awepo mhariri mmoja wa kuukagua kila toleo jipya la programu linapotoka. Nauli, bando na chakula cha mchana vilipwe. Anayetoa muda wake bure asidaiwe na fedha zake pia.

Kaunti ya Tana River, kabla ya kununua mfumo mwingine wowote, iwaite katika mji wa Garsen waliofanya kazi na Una Hakika, iwape kompyuta, mtandao na wiki moja waandike wanayoyajua.